Nani anatia kuni? Neno juu ya stimpanki na fasihi yetu

Mwaka huu mwanafunzi mwenzetu mmoja alipeleka pendekezo la kazi yake ya mwisho wa masomo. Alitaka kuchunguza stimpanki, yaani ule utanzu wa hadithi na mtindo wa sanaa unaojengwa juu ya mashine za mvuke za karne ya 19. Pendekezo lilirudi na sentensi moja iliyoandikwa pembeni ya ukurasa: somo hili halina uhusiano na Kongo. Mwenzetu akabadilisha somo. Sasa anaandika juu ya methali, na ataandika vizuri, maana ni mtu wa bidii. Lakini sentensi ile haijanitoka kichwani. Naomba kuijibu hapa, kwa heshima yote ambayo mwanafunzi anampa mwalimu wake, kwa sababu mimi naona kinyume. Tanzu nyingi zimezaliwa Ulaya na Marekani katika miaka hamsini iliyopita ambazo tunaweza kuishi bila kuzijua. Stimpanki si mojawapo.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Mwaka 1987 mwandishi Mmarekani K. W. Jeter aliliandikia barua jarida la Locus. Alikuwa anatafuta jina la riwaya ambazo yeye na rafiki zake wawili, Tim Powers na James Blaylock, walikuwa wanaziandika: hadithi za London ya zamani, zenye mashine za ajabu, uchawi na vichekesho. Siku zile wasomaji walikuwa wanazungumza sana juu ya saibapanki, hadithi za kompyuta na waasi wa mijini. Jeter, nusu kwa mzaha, akatoa kompyuta akaweka mvuke. Jina likashika. Mwaka 1990 William Gibson na Bruce Sterling wakatoa The Difference Engine, riwaya inayouliza hivi: ingekuwaje kama Charles Babbage, Mwingereza aliyebuni mashine ya kukokotoa bila kufaulu kuikamilisha, angefaulu? Jibu lao ni Uingereza yenye kompyuta za gia na mvuke miaka mia moja kabla ya wakati wake.

Hilo swali, "ingekuwaje kama", ndilo moyo wa utanzu huu. Mengine ni mavazi, na mavazi yenyewe yanajulikana hata kwa mtu ambaye hajasoma ukurasa mmoja: kofia ndefu, miwani mizito ya fundi, saa ya mfukoni, mabomba, ribiti, gia zinazozunguka mbele ya macho yako, ndege kubwa zinazoelea kama merikebu. Katika stimpanki mashine haifichi matumbo yake. Nadhani ndiyo sababu watu wengi wanaipenda. Simu zetu za leo zimefungwa kwa gundi, na aliyeitengeneza hataki uifungue. Mashine ya mvuke unaifungua kwa spana, unaona ugonjwa uko wapi. Kila fundi wa simu aliyekaa na meza yake ndogo kando ya barabara hapa Lubumbashi angeielewa furaha hiyo bila kufundishwa.

Sasa tuangalie rangi yake. Stimpanki ina rangi moja inayoitawala: shaba. Shaba nyekundu ya mabomba, shaba ya njano ya gia na miwani. Ndugu msomaji, mkoa huu wetu uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la kwanza la Union Minière likaanza kuyeyusha. Mji wetu haukujengwa kando ya tanuri kwa bahati. Ulijengwa kwa ajili ya tanuri. Kijana wa Chicago anayebandika gia kwenye kofia yake kwa ajili ya sherehe anavaa, bila kujua, historia ya babu zetu. Sisemi hivyo ili kumlaumu. Nasema kwamba mtu akiuliza uhusiano uko wapi, mimi naweza kumwonyesha bomba la moshi linaloonekana kutoka sehemu nyingi za mji.

Mwalimu anaweza kunijibu kwamba uhusiano huo ni wa madini, si wa fasihi. Basi twende kwenye fasihi.

Wazee wa stimpanki, wale ambao waandishi wa leo wanawataja kama mababu, ni Jules Verne wa Ufaransa na H. G. Wells wa Uingereza. Riwaya iliyomfungulia Verne njia ni Cinq semaines en ballon, ya mwaka 1863. Safari yake ya puto inaanzia wapi? Unguja. Wasafiri watatu wanapanda puto pale, katika nchi ya Waswahili, na kuvuka bara lote kuelekea magharibi. Wanapopita Kazeh, yaani Tabora ya leo, watu wanalidhania puto lao kuwa ni mwezi. Mahali pengine linatokea kundi la nyani, na mzaha wa mhusika ni kwamba kutoka mbali nyani na wenyeji hawatofautiani sana. Angalieni jambo moja la kiufundi, wenzangu wa fasihi: hadithi yote inasimuliwa kutoka juu. Puto ndilo jicho. Ukiwa juu, watu wa chini hawana majina, hawana lugha, wana kelele tu.

Mfano wa pili tunaujua wote, maana unafundishwa katika nusu ya vyuo vikuu vya dunia. Mwaka 1890 Joseph Conrad alipanda stima iitwayo Roi des Belges kutoka Kinshasa hadi maporomoko ya Kisangani. Mwaka 1899 akatoa Heart of Darkness. Chinua Achebe na wengine wameandika mengi juu ya kitabu hicho, nami sitayarudia. Nataka mtazame mtu mmoja tu ambaye wasomaji wengi wanampita haraka: yule Mwafrika anayetia kuni kwenye boila. Msimulizi anamlinganisha na mbwa aliyevishwa suruali akatembea kwa miguu ya nyuma. Anasema mtu huyo amefundishwa kwamba ndani ya boila kuna pepo ambaye akiona kiu atakasirika. Ni kichekesho. Lakini someni tena mkiuliza swali la fundi: nani anaendesha stima ile? Anayeangalia kipimo cha maji, anayejua moto umepungua au umezidi, ambaye akikosea dakika chache chombo kinalipuka na msimulizi wake pamoja, ni yuyu huyu mtu wa kuchekwa. Na kuni zenyewe zilikatwa na wanavijiji wa kando ya mto, kituo baada ya kituo.

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye reli, enzi za injini za mvuke. Hakuwahi kusema alikuwa "anaendesha" gari la moshi. Hiyo ilikuwa kazi ya mtu mwingine. Alisema alikuwa "analilisha". Alijua kwa sauti kama limeshiba. Nilipomsoma mtia kuni wa Conrad kwa mara ya kwanza, katika mwaka wangu wa pili hapa, sikuona mbwa. Nilimwona babu, na nikafunga kitabu kwa muda.

Hapa ndipo lawama kubwa dhidi ya stimpanki inapoingia, na sitaikwepa. Sehemu kubwa ya utanzu huu ni kuikumbuka himaya kwa mapenzi. Unatupa mabwana wenye kofia, mabibi wenye miavuli, merikebu za angani zikielekea "nchi za mbali", na hautuambii mpira wa mabomba yale ulitoka wapi. Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888. Kongo ya Leopold II ilidumu kuanzia 1885 hadi 1908. Tarehe hizo mbili zikae pamoja katika kichwa cha kila anayependa gurudumu. Iko picha iliyopigwa mwaka 1904 na mmisionari Alice Seeley Harris: baba aitwaye Nsala ameketi barazani, mbele yake mkono na mguu mdogo wa binti yake. Stimpanki inajisifu kwamba inaonyesha mashine ndani na nje. Inaonyesha meno ya gia. Mikono haionyeshi.

Na kwetu mikono ilikuwa ndiyo mashine. Stima za kwanza za mto wa juu hazikupanda maporomoko kwa nguvu ya mvuke. Zilivunjwavunjwa vipande, vikabebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi kutoka Matadi hadi ziwa la Kinshasa, kisha zikaungwa upya. Reli ya kuwapokea wapagazi hao ilijengwa kati ya 1890 na 1898, na hesabu rasmi ya wakati ule ilitaja vifo vya wafanyakazi wasio Wazungu karibu 1,800 na vya Wazungu 132. Wengi wanaamini hesabu ya kweli ni kubwa zaidi.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na sisi. Mwaka 1915, wakati wa vita, Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani Ziwa Tanganyika. Walileta boti mbili za kivita, zilizoitwa Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi hapa Lubumbashi na mbele kidogo hadi Fungurume. Pale reli ikaisha. Boti zikapandishwa juu ya magurudumu, zikavutwa na trekta za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, kisha zikapata reli tena, zikateremka Lualaba, zikapanda reli nyingine hadi Kalemie. Siku moja baada ya Noeli ya mwaka ule zilikamata meli ya kwanza ya Wajerumani. Mwandishi wa stimpanki angetunga tukio hilo, mhariri angemwambia amezidisha chumvi. Boti za kivita zikipita juu ya milima, zikivutwa na mashine zinazotoa moshi! Lakini ilitokea, katika ardhi tunayopita kwa basi tukienda Kolwezi. Na mashine zile zilipokosa maji njiani, watu wa vijiji waliyabeba vichwani ili trekta zinywe. Vitabu vinalijua jina la kamanda, vinayajua majina ya boti. Majina ya wabeba maji havina.

Hoja yangu inatoka hapo. Wengine watasema: kwa kuwa mvuke ulituletea mateso, tuuache, tusiufanye mchezo. Naielewa hasira hiyo, na mwalimu wa mwenzetu labda alikuwa nayo moyoni, ingawa hakuiandika. Lakini fikirieni swali la "ingekuwaje kama" linafanya kazi gani. Mtu anayetetea ukoloni ana kimbilio moja la mwisho: kwamba nyakati zilikuwa hivyo, kwamba haikuwezekana vingine. Riwaya inayoonyesha kwa uzito kwamba iliwezekana vingine inamnyang'anya kimbilio hilo. Kama njia nyingine ilikuwapo, basi ile iliyofuatwa ilichaguliwa, na aliyeichagua ana la kujibu.

Na utanzu huu umelijua hilo mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1971, hata kabla jina halijatungwa, Mwingereza Michael Moorcock alitoa The Warlord of the Air. Askari wa himaya anaamka katika mwaka 1973 ambapo vita kuu havikutokea na falme za Ulaya bado zinatawala kwa meli za angani. Mwanzoni anadhani amefika peponi. Polepole anaona pepo hiyo imesimama juu ya migongo ya nani, na anahamia upande wa waasi. Kwa hiyo neno "panki" lina kazi yake.

Kitabu kinachotuhusu moja kwa moja kilitoka mwaka 2016. Kinaitwa Everfair, na mwandishi wake ni Nisi Shawl, Mmarekani mweusi. Katika riwaya hiyo, Wasoshalisti wa Uingereza na wamisionari weusi wa Marekani wanachangisha fedha na kununua kutoka kwa Leopold sehemu ya Kongo, ili iwe makimbilio ya waliotoroka utumwa wa mpira. Wanajenga mitumbwi inayoruka. Fundi mmoja kutoka China anawatengenezea waliokatwa mikono mikono mipya ya shaba. Nguvu ya mitumbwi inatoka katika udongo unaotunzwa na watu ambao mwandishi anawaita Bah-Sangah, na msomaji wa Katanga hapo atainua kichwa.

Nilikisoma kwenye simu, usiku, umeme ukikatika na kurudi. Kilichonigusa zaidi si mitumbwi ya angani. Ni mfalme Mwenda, mwenye nchi, anayewauliza wageni wale wema: mlinunua kutoka kwa nani? Leopold aliuza kitu kisicho chake, na wema wa mnunuzi haubadilishi hilo. Riwaya haiwaachi watu wema walale usingizi, wala haimfanyi mfalme kuwa malaika. Na ile mikono ya shaba: mwandishi ameuchukua ule urembo wa stimpanki, gia na ribiti, akaurudisha mahali palipopotea mkono. Baada ya hapo sijaweza kuitazama ile miwani ya sherehe kama zamani.

Lakini ninayo kasoro moja ya kuitaja, na kasoro hiyo ni yetu zaidi kuliko ya mwandishi. Kitabu kikubwa cha stimpanki juu ya Kongo kimeandikwa Marekani, kwa Kiingereza. Sisi wenye mto, wenye shaba, wenye babu waliolisha boila, hatujaandika chetu. Wasanii wametutangulia. Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, mwaka 2006 alitengeneza mfululizo wa picha uitwao Mémoire: alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa enzi za ukoloni akaziweka juu ya picha za karakana zilizokufa. Watu wale wanasimama mbele ya vyuma vilivyoshika kutu na kututazama. Sisemi Baloji ni mwanastimpanki; pengine angekataa jina hilo. Nasema alifanya kazi ambayo stimpanki yetu ingepaswa kuifanya: aliirudisha mikono ndani ya picha ya mashine.

Na lugha je? Wako wanaosema Kiswahili hakina maneno ya kubeba hadithi za namna hii. Sisi wa kitivo cha lugha tuone aibu kuliacha neno hilo lipite. Kiswahili kilikutana na mvuke mapema na kikaupa majina kwa akili yake. Mfaransa aliita reli "njia ya chuma", akiangalia kitu alichokijenga. Mswahili aliliita "gari la moshi", akiangalia kitu kilichompita. Ndani ya jina hilo amesimama mtu kando ya njia, macho yanamwasha. Neno "mtambo", ambalo leo tunalitumia kwa kiwanda kizima, zamani lilitaja pia kifyatuo cha mtego na cha bunduki. Lugha yetu ilijua tangu mwanzo kwamba mashine inaweza kuwa mtego. Na "stima", iliyoingia ikiwa ni meli ya mvuke, imeendelea na safari yake: Mkenya akisema stima imepotea, hamaanishi meli imezama, anamaanisha umeme umekatika. Lugha ambayo imeupitisha mvuke kutoka kwenye meli hadi kwenye taa inaweza kubeba riwaya.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, na ninayaomba waziwazi.

Kwa walimu wetu: pendekezo la namna hii likija tena, lisirudishwe kwa sentensi moja. Mwanafunzi aulizwe: unamsoma nani, na mtia kuni yuko wapi katika somo lako? Akishindwa kujibu, arudishwe. Akijibu, aachwe afanye kazi.

Kwa wanafunzi wenzangu: tuandike. Si lazima riwaya. Hadithi ya kurasa tano inatosha kuanza. Ingekuwaje kama wapagazi wa Matadi wangegoma na vipande vya stima vikiwa mabegani mwao? Ingekuwaje kama mabwana wa shaba wa zamani, waliokuwa wanayeyusha na kupiga misalaba ya shaba katika nchi hii karne nyingi kabla ya Union Minière, wangeijenga boila yao wenyewe? Jarida hili lina nafasi, na wahariri wake wanalalamika kila toleo kwamba hawaletewi hadithi.

Jambo la tatu ni la haraka kuliko yote. Wazee waliofanya kazi kwenye injini za mvuke wanatutoka. Wana maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote ya maktaba yetu: majina ya sehemu za boila, ya aina za moto, ya ugonjwa wa bomba, matusi waliyomtusi nayo msimamizi bila yeye kuelewa. Babu yangu amekufa miaka minne iliyopita, na mimi niliyesomea lugha sikuwahi kumwandikia hata ukurasa mmoja. Tuwatafute waliobaki, tukae nao, tuandike. Ikiwa siku moja mwenzetu atataka kutunga stimpanki kwa Kiswahili cha Katanga, maneno hayo ndiyo atakayohitaji.

Fungurume, mahali ambapo zile boti mbili zilishushwa kutoka kwenye reli mwaka 1915, leo inachimbwa shaba na kobalti, na kobalti hiyo inaingia katika betri za magari yanayoitwa magari ya kesho. Magari hayo hayatoi moshi. Yamefungwa vizuri, yanang'aa, na matumbo yake hayaonekani. Miaka mia ijayo mtu fulani mahali fulani atayavalia mavazi ya sherehe na kuyakumbuka kwa mapenzi. Swali la mtia kuni litakuwa bado liko palepale. Afadhali wawepo watu wa kwetu waliokwisha kujizoeza kuliuliza.